Ahadi za Bomba na Kimya cha Jalala

Ahadi ni deni, na deni halifutiki kwa sababu tu mdai amesahau. Uchaguzi wa madiwani wa tarehe 29 Oktoba 2025 umekwisha kupita, wagombea wamekuwa madiwani, na viti vya mabaraza ya halmashauri vimepata wenyewe. Huu ndio wakati wa kuyafungua tena yale yaliyonenwa majukwaani na kuyapima moja baada ya jingine, si kwa nia ya kumkomoa mtu, bali ili kila upande ujue unachodaiwa. Leo tunapenda kuzungumzia huduma tatu ambazo hazikosi kutajwa, au hazikupaswa kukosa kutajwa, mbele ya wapiga kura: maji, umeme na uondoaji wa taka.

Tunaichukua Kigongo kuwa mfano, kwa sababu hakuna mahali katika Mkoa wa Mwanza panapoonyesha vizuri zaidi tofauti iliyopo baina ya jambo kubwa na jambo la kila siku. Kwa miaka mingi Kigongo ilijulikana kwa kivuko. Mabasi, malori na watu waendao Sengerema, Geita na Kagera walipanga foleni pale, wakanunua samaki wa kukaanga na miwa, wakangoja zamu yao. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, linaloiunganisha Kigongo ya Misungwi na Busisi ya Sengerema. Safari iliyoweza kula saa mbili pamoja na kungoja, sasa ni ya dakika chache. Hili ni jambo la kujivunia, na asiyelishukuru ni mtovu wa shukrani.

Lakini daraja ni la mpitaji kwanza. Mkazi wa Kigongo hapiti tu. Yeye analala pale, anapika pale, anazaa na kuzika pale. Kipimo chake cha maendeleo ni maji anayowanywesha watoto wake na mahali anapozitupa taka za jikoni mwake. Mambo hayo mawili hayafunguliwi kwa kukata utepe. Huamuliwa katika vikao vidogo visivyo na matarumbeta, na mwenye kiti katika vikao hivyo ni diwani.

Kuna sababu nyingine inayotufanya tulizungumze jambo hili sasa. Siku za uchaguzi ule na zilizofuata zilikuwa siku za machungu. Damu ya watu ilimwagika katika miji kadhaa ya nchi yetu, Mwanza ikiwemo, na wako waliofiwa ambao machozi yao hayajakauka. Imani ya raia ikishajeruhiwa haitibiwi kwa hotuba. Pamoja na haki, ambayo ndiyo dawa ya kwanza, imani hujengwa upya pale mwananchi wa kawaida anapoona kwamba yule aliyekabidhiwa dhamana anatimiza wajibu wake ulio mdogo kuliko wote. Kiongozi asiyeweza kuhakikisha kwamba taka za sokoni zinaondolewa hawezi kuaminiwa anapozungumzia mambo makubwa kuliko hayo.

Sasa tuyatazame yale yasemwayo majukwaani. Katika kampeni za udiwani, popote pale nchini, maneno mawili hayakosi: nitaleta maji, nitaleta umeme. Mgombea huyasema kwa sauti kuu, na wananchi hupiga makofi, kwa kuwa shida ya maji wanaijua mgongoni na kichwani. Neno la tatu, yaani taka, ama halisemwi kabisa, ama husemwa kwa haraka mwishoni, kama mtu anayetaja jina la jamaa aliyemwaibisha. Wananchi nao hawaulizi. Mkutano hufungwa, muziki hupigwa, na jalala hubaki pale pale.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mpangilio huu umepinduka, kichwa chini miguu juu. Maji na umeme, ambavyo mgombea udiwani huahidi kwa wingi, haviko mikononi mwake. Taka, asizozitaja, ndizo zilizo mikononi mwake hasa.

Tueleze kwa ushahidi wa sheria. Kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya 2019, maji ya vijijini yamewekwa chini ya RUWASA, wakala wa Serikali Kuu, na wahandisi wa maji waliokuwa watumishi wa halmashauri wakahamia huko. Maji ya jiji la Mwanza na maeneo yaliyounganishwa nalo yanasimamiwa na MWAUWASA, mamlaka iliyoanzishwa katika miaka ya 1990. Umeme ni wa TANESCO, na usambazaji wake vijijini husukumwa na REA, iliyotokana na Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005. Hakuna hata kimoja kati ya vyombo hivi ambacho diwani hukiajiria watu au hukipangia bajeti. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 20 ya 2004 inatamka bayana kwamba usimamizi wa taka ngumu katika eneo la halmashauri ni wajibu wa halmashauri yenyewe. Tangu 1982, Sheria za Serikali za Mitaa zimezipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo na kutoza ushuru. Na zimeupa mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji, sauti katika mambo yao.

Kwa hiyo, mgombea anayeahidi bomba na kunyamazia jalala anaahidi mali ya mwenzake na kuficha iliyo mfukoni mwake. Hatusemi kwamba diwani hana kazi katika habari ya maji. Anayo, tena nzito, nasi tutaieleza. Tunasema tu kwamba kazi hiyo ni ya kudai, kufuatilia na kulinda. Mwenye kusema "nitaleta" pale ambapo ukweli ni "nitadai" anawazoeza watu kumlaumu asiyehusika na kumwacha anayehusika.

Historia ya nchi yetu inatupa mafunzo mawili katika jambo hili, na yote mawili yanafaa kukumbukwa na kila anayekaa katika baraza la madiwani.

Fundisho la kwanza ni la maji. Mwaka 1971 nchi yetu, chini ya uongozi wa TANU, iliweka lengo kwamba ndani ya miaka 20, yaani ifikapo 1991, kila mwananchi wa kijijini apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lilikuwa lengo la utu na la heshima. Visima vilichimbwa, mabomba yakatandazwa, mashine zikafungwa. Hata hivyo mwaka 1991 ulifika na wengi walikuwa bado na ndoo kichwani. Sehemu ya sababu ni kwamba mipango ilihesabu ujenzi kuliko matunzo: mashine ilipokosa dizeli au kipuri, ilisimama, na kijiji hakikuwa na mfuko wala fundi. Sera za maji za 1991 na 2002 zilitungwa kwa kujifunza kutokana na hali hiyo, zikasisitiza kwamba watumiaji nao wawe wenye mradi na wachangie uendeshaji wake.

Fundisho la pili ni la taka. Mwaka 1972, kwa mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya na miji zilivunjwa. Nia ilikuwa kuyasogeza madaraka karibu na wananchi, lakini miji ikakosa mwenyewe. Mifereji iliziba, taka zikalundikana, na kipindupindu kilichoingia nchini katika miaka hiyo kikapata malisho, hasa katika mlipuko mkubwa wa 1977 na 1978. Ndipo mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa, na za wilaya zikafuata kwa sheria za 1982. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuzivunja serikali za mitaa halikuwa jambo la busara. Basi tujue ya kwamba kuziba kwa mifereji na kulundikana kwa taka ni miongoni mwa sababu zilizozirudisha halmashauri hizi duniani. Halmashauri isiyoondoa taka imesahau sababu ya kuzaliwa kwake.

Wako watakaosema kwamba taka ni tatizo la Jiji, la Buhongwa na la Mto Mirongo, na kwamba kijiji cha ufukweni kina nafasi ya kutosha ya kufukia kila kitu. Maneno hayo yalikuwa na ukweli wakati taka zilipokuwa maganda ya mihogo na majivu. Leo taka ni chupa za plastiki, nepi za watoto, betri za tochi, nyavu zilizochakaa, na mapanki ya samaki. Barabara kuu huvuta maduka, maduka huvuta nyumba, na penye nyumba taka huzaliwa kila asubuhi. Isitoshe, ardhi yote ya ukingo huu inateremka kuelekea ziwani. Mvua moja ya masika inatosha kuyahamisha yaliyotupwa nyuma ya vibanda na kuyafikisha pale pale akina mama wanapochota maji.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800, na takriban nusu yake iko Tanzania. Ukubwa huo umewadanganya wengi wakadhani kwamba ziwa humeza kila kitu. La hasha. Mto mmoja tu ndio unaotoka ndani yake, nao ni Nile pale Jinja, na ghuba yetu ya Mwanza ni mkono mwembamba ulioingia nchi kavu, mbali na mlango huo. Kinachoingia hapa hukaa hapa. Maji machafu na mbolea inayosombwa mashambani huyanenepesha magugu maji, na mwanzoni mwa 2025 watu wa Kigongo na Busisi waliona kwa macho yao jinsi magugu hayo yalivyotatiza safari za vivuko. Vivuko vyenye injini vilishindwa na majani.

Kisha kuna maradhi. Kichocho kimeota mizizi katika ufukwe huu, na njia yake haina siri. Mgonjwa asiye na choo hujisaidia ukingoni. Mayai ya vijidudu huanguliwa majini. Vijidudu huingia katika konokono, wakaongezeka humo, wakatoka tena na kupenya ngozi ya mtoto anayeoga, mama anayefua au mvuvi anayevuta nyavu. Dawa zinazogawiwa shuleni zinasaidia sana, lakini mtoto aliyemeza dawa Jumatatu hurudi kwenye maji yale yale Jumanne. Hapa ndipo maji, choo na taka vinapokuwa jambo moja. Kuahidi bomba bila kuahidi choo cha mwaloni na shimo la taka ni kumfunga mgonjwa jeraha la mguu wa kulia hali anatoka damu wa kushoto.

Wenye elimu ya dini wanalijua hili bila kufundishwa na bwana afya. Tangu chuoni, mtoto anayeanza kusoma hufundishwa kwamba usafi umewekwa jirani na imani, na kwamba kuchafua maji ya watu, njia ya watu na kivuli wanachopumzikia watu ni katika mambo yanayoleta laana. Makanisani hali ni hiyo hiyo. Nchi nayo, mwaka 1973, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kusoma na kisha kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Hawakungoja mfadhili. Walichohitaji ni kuelezwa, kupangwa na kuongozwa.

Tunajua jibu litakalotolewa: halmashauri haina fedha. Jibu hili linastahili kusikilizwa, kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Halmashauri ya wilaya ya wakulima na wavuvi haina mapato ya kununua magari mengi ya taka, na gari lenyewe linakula mafuta. Lakini si kila taka inangoja gari. Jiji la Mwanza kwa miaka mingi limetumia vikundi vya wananchi kukusanya taka mitaani, vikipita nyumba kwa nyumba. Halmashauri zote zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo uliingizwa katika sheria mwaka 2018, ukasitishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Kuna kipingamizi gani, basi, kwa kikundi cha vijana wa Kigongo, waliozoea kuchuuza kwenye foleni za kivuko ambazo hazipo tena, kukopeshwa guta na makoleo, wakapewa mkataba wa kuondoa taka za soko na za mwalo, na wakalipwa kutokana na ushuru ambao soko na mwalo huo huo hutozwa?

Hapo pana jambo la haki ambalo hatuwezi kulipita kimya. Mama lishe anatozwa ushuru. Muuza dagaa anatozwa ushuru. Mwenye kibanda anatozwa ushuru. Jioni ikifika, mama huyo huyo anafagia mwenyewe, anabeba mwenyewe, na kutafuta mwenyewe pa kutupa. Akikosea pa kutupa, anapigwa faini. Penye hali ya namna hiyo mtu mmoja hulipa mara tatu kwa huduma ambayo hakuipata hata mara moja. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulionya juu ya uongozi unaowafanya watu kuwa wa kutumwa na kukusanyiwa tu. Ushuru usiorudi kwa mlipaji kwa sura ya huduma hugeuka kuwa kodi ya kichwa kwa jina jingine. Fedha zinazopatikana sokoni hazina budi kuanza kwa kulisafisha soko, kabla ya kulipa posho za kikao.

Upande wa pili, hatuwezi kumsifu mwananchi kwa kila kitu. Mkono unaotupa chupa kutoka dirishani mwa basi si mkono wa diwani. Anayetupa matumbo ya samaki ukingoni si mtendaji wa kata. Sheria ya 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu zinazoathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na bado tunaona tunayoyaona. Lakini uzoefu wa mifuko ya plastiki unatufundisha kwamba mwananchi hubadilika pale sheria inapokuwa ya wote na njia mbadala inapokuwapo. Kuanzia tarehe 1 Juni 2019 mifuko ile ilipigwa marufuku, na watu waliosemwa kwamba hawawezi kuiacha waliiacha, kwa sababu vikapu na mifuko mingine ilikuwapo na mkaguzi hakumchagua wa kumkamata. Mwambie mtu asitupe hapa, lakini kwanza mwonyeshe pa kutupa.

Kwa hiyo tunapendekeza maswali matano, ambayo kila mkutano wa kijiji na kila Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani mwenyewe ndiye mwenyekiti wake, iyaulize na kuyaandika majibu yake.

Kwanza, kizimba cha taka cha kijiji kitakuwa wapi, kitakamilika mwezi gani, na nani atakitoa taka na kwa siku zipi? Pili, katika kila shilingi mia ya ushuru wa soko na mwalo, shilingi ngapi zinarudi kwenye usafi wa soko na mwalo? Tatu, choo cha mwaloni na cha sokoni kinafunguliwa saa ngapi, kina maji, na nani anakitunza? Nne, meneja wa RUWASA alifika lini mara ya mwisho katika baraza la madiwani kueleza hali ya vituo vya maji vya kata hii, na diwani alimwuliza nini? Tano, chombo cha watumia maji kimesoma lini hesabu zake mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na mfuko wa matengenezo una kiasi gani?

Maswali haya hayahitaji fedha za kigeni kuyajibu. Diwani anayeyajua majibu yake atayajibu kwa dakika kumi. Asiyeyajua atatoa hotuba. Kwa alama hiyo wananchi watamtambua.

Neno letu la mwisho ni kwa Chama, ambacho sisi ni watoto wake na hatuoni haya kukiambia ukweli. Azimio la Arusha la 1967 liliutaja uongozi bora kuwa miongoni mwa mahitaji manne ya maendeleo, na halikusema kwamba uongozi huo ni wa ngazi za juu pekee. Kura za maoni ndani ya Chama zikiwa ndiyo mizani ya kweli katika kata nyingi, basi mizani hiyo ipime vitu vyenye uzito. Mwanachama akiomba kuteuliwa kugombea udiwani, asiulizwe ana ndugu wangapi wala ana uwezo gani wa kukirimu. Aulizwe jalala la kata yake liko wapi na atalifanya nini. Na pale ambapo mgombea hakuwa na mpinzani, deni lake ni zito zaidi, kwa sababu hakuna aliyemwuliza swali jukwaani. Ni wajibu wa tawi na shina kumwuliza kwa niaba ya wote.

Bajeti ya halmashauri huanza upya kila tarehe 1 Julai, na mapendekezo yake huanzia vijijini miezi mingi kabla. Kijiji kitakachokaa kimya katika miezi hiyo kisije kikalalamika baadaye. Wananchi wa Kigongo, na wenzao wa Usagara, Busisi, Magu, Ukerewe na kila mwalo wa ziwa hili, waitishe mikutano yao mikuu kama sheria inavyowaruhusu, wawaalike madiwani wao kwa heshima zote, na wawawekee maswali hayo matano mezani. Majibu yaandikwe katika muhtasari, na muhtasari usomwe tena katika mkutano unaofuata.